Homa Imekwisha, Jicho na Miguu Vinamkataa: Jibu kwa Mke wa Fundi wa Kofia

Assalamu alaykum daktari,

Nakuandikia kutoka Mji wa Kale, Mombasa, kuhusu mume wangu mwenye umri wa miaka 41, ambaye kazi yake ni kushona kofia za mkono, zile zenye vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine mpaka ua likamilike. Wiki nne zilizopita alishikwa na homa kali ya ghafla, akaumwa viungo vyote hata akashindwa kufumba kiganja, na mwili ukamtoka vipele. Alipimwa malaria mara mbili, na mara zote mbili hakikuonekana kitu. Mtaani kwetu wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wengi, na tabibu aliyemwona alisema ni chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu, akampa panadol na kumwambia apumzike na anywe maji kwa wingi. Siku ya sita homa iliondoka, nasi tukashukuru.

Wiki iliyopita alirudi barazani kushona. Nikamwona anaisogeza kofia karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena, mwisho akaiweka chini. Aliniambia kwamba kwa jicho la kushoto kila anachokitazama kina doa la kijivu katikati, na akiligeuza jicho upande linamuuma kwa ndani. Uzi mwekundu akiutazama kwa jicho hilo anauona kama uliofuliwa mara nyingi ukachujuka. Kwa nje jicho halina wekundu wala matongo. Tulinunua dawa ya matone katika duka la dawa, muuzaji akasema inafaa kwa macho ya kila aina, na ametia kwa siku tano bila nafuu.

Mama mkwe anasema mwanawe amepigwa jicho la hasidi, kwa sababu kabla ya kuugua alipata oda kubwa ya kofia za harusi. Jirani yetu anasema hiyo ni malaria iliyojificha na sasa imepanda kichwani, naye anataka tumpe kwinini. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi minane na watoto wawili wadogo, nami nahofia tusije tukaambukizwa sote. Naomba unieleze: je, jicho hili lina uhusiano na homa ile, ilhali homa ilikwisha zamani? Ataona tena kama alivyokuwa? Na dawa hii ya matone, tuendelee nayo?

Nilisahau kutaja kwamba tangu siku nne zilizopita miguu yake inakufa ganzi kuanzia vidoleni, na ngazi za nyumba anazipanda kwa kushika ukuta, lakini hayo nadhani ni mabaki ya maumivu ya viungo.

Wako,
Mke wa Fundi

*

Waalaykum salaam, Mke wa Fundi.

Siku niliyoipata barua yako nilikutumia jibu la mistari miwili, kwamba mumeo apelekwe siku hiyohiyo katika hospitali kubwa inayolaza wagonjwa mahututi, bila kusubiri miadi ya daktari wa macho. Naomba Mungu awe amekwishafika huko. Haya ninayoyaandika sasa ni maelezo kamili, kwako na kwa wasomaji wengine ambao homa ya mbu imepita nyumbani mwao na ambao huenda wanaishi na dalili kama hizi wakidhani ni uchovu tu.

Uliniuliza kuhusu jicho, nami nitalijibu, lakini sentensi uliyoiandika mwisho, ile uliyosema umeisahau, ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka. Mtu mwenye maumivu ya viungo hupanda ngazi polepole kwa sababu kila hatua inamuuma, lakini nguvu anazo, na akilazimika atapanda. Mtu ambaye mishipa yake ya fahamu inaugua hali yake ni nyingine: ganzi na michomo kama ya siafu huanza vidoleni, hupanda kifundoni, hupanda gotini, na pamoja nayo hupungua nguvu zenyewe, hata akikaa kwenye kibao cha mbuzi hawezi kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, ijapokuwa siku hiyo hakuna kiungo kinachomuuma. Daktari akimgonga chini ya goti kwa kinyundo chake kidogo, mguu ambao ungeruka kidogo unabaki umetulia.

Hali hiyo inaitwa ugonjwa wa Guillain-Barré. Mishipa ya fahamu ina ganda linaloizunguka, mfano wa waya wa umeme uliovikwa plastiki, na ganda hilo ndilo linalowezesha ujumbe kupita haraka kutoka kwenye uti wa mgongo hadi miguuni. Baada ya maambukizi fulani, kinga ya mwili ambayo ilikuwa inapigana na virusi hukosea, ikaliona ganda hilo kama adui na kulishambulia. Hatari yake haimo miguuni. Udhaifu unaweza kupanda kwa muda wa siku au wiki chache hadi kwenye misuli ya kifua, na hapo mgonjwa, ambaye akili yake ni timamu na macho yake yanakutazama, anashindwa kuvuta pumzi, na asipokuwa karibu na mashine ya kumsaidia kupumua atakufa. Kwa hiyo nilikuambia hospitali inayolaza wagonjwa mahututi, si zahanati. Mkiwa njiani au mkisubiri, mwambie avute pumzi moja kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Asipofika ishirini, au sauti yake ikiwa ya puani, au maji yakimpalia anapokunywa, mwambieni muuguzi papo hapo, wala msione haya kupita mbele ya foleni.

Muulize pia kuhusu mkojo, ingawa wanaume wengi huona tabu kulisema hili mbele ya wake zao. Akiwa anashindwa kukojoa, au anahisi kama amefungwa mkanda kifuani au tumboni, huenda kilichovimba ni uti wa mgongo wenyewe, na uti ukivimba pamoja na mshipa wa jicho matibabu yake hayafanani na ya Guillain-Barré. Nalo ni jambo la siku hiyohiyo. Na kama wakati wa homa alichomwa sindano ya makalioni, mtaje mguu gani. Sindano iliyochomwa pasipo mahali pake inaweza kujeruhi mshipa mkubwa unaoshuka mguuni na kuacha wayo unaoburura. Lakini hiyo huugusa mguu mmoja na huanza palepale, si miguu yote miwili wiki tatu baadaye.

Sasa nije kwenye jicho. Mambo matatu uliyoyaeleza, yaani doa la katikati, maumivu ya ndani jicho linapogeuka, na rangi nyekundu kuchujuka, kwa pamoja yananielekeza kwenye uvimbe wa mshipa wa fahamu wa jicho, ule unaochukua picha kutoka nyuma ya jicho na kuipeleka kwenye ubongo. Umelieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi, na uzi wa mumeo umetufaa sana, kwa kuwa rangi nyekundu kwa kawaida ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufifia mshipa huo unapougua, hata kabla mtu hajashindwa kusoma. Kwa nje jicho linabaki jeupe na safi, nalo ndilo linalowadanganya watu, kwa sababu tumezoea kwamba jicho bovu ni jicho jekundu.

Daktari wa macho ataanza na kurunzi. Atamulika jicho la kulia, na mboni zote mbili zitasinyaa. Kisha atauhamishia mwanga upesi kwenye jicho la kushoto, na kama mshipa wake unaugua, mboni ile itapanuka badala ya kusinyaa, kwa sababu mwanga unaingia lakini habari zake hazifiki. Ni kipimo cha sekunde chache ambacho hakihitaji mashine. Baadaye atatia matone ya kupanua mboni, na baada ya nusu saa hivi ataitazama retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, aone kama una madoa, damu iliyovuja, au kichwa cha mshipa kilichovimba. Kwa saa kadhaa baada ya hapo mumeo ataona vibaya kwa karibu na jua litamsumbua, kwa hiyo asirudi akiendesha pikipiki.

Umeuliza inakuwaje ugonjwa wa jicho utokane na homa iliyokwisha. Virusi vya chikungunya hukaa kwenye damu kwa takriban wiki moja tangu homa ianze, kisha hutoweka humo, lakini kinga iliyoamshwa haiendi kulala siku hiyo. Wapo wagonjwa ambao jicho huugua homa ingali kali, na hao huenda virusi vyenyewe vimeingia humo. Wapo wengine, na naona mumeo ni mmoja wao, ambao jicho au miguu huugua wiki mbili, tatu au zaidi baada ya kupona, na hao wanaumizwa zaidi na askari wao wenyewe. Kuchelewa huko ndiko kunakofanya watu wengi wasiyaunganishe mambo mawili, na tabibu asiyeuliza juu ya homa ya mwezi uliopita hataijua.

Jina lenyewe la ugonjwa huu ni la kwetu. Limetoka katika Kimakonde, katika neno lenye maana ya kujikunja, na lilishika baada ya mlipuko wa 1952 hadi 1953 katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ambako watu walionekana wakitembea wamejipinda kwa maumivu. Kwa miaka mingi madaktari waliandika zaidi juu ya viungo na homa. Mwaka 2004 ugonjwa ulipoikumba Lamu, ukafika na Mombasa, kisha ukavuka hadi Komoro na kisiwa cha Réunion, ambako katika miaka ya 2005 na 2006 takriban theluthi moja ya wakazi waliambukizwa, ndipo madaktari walipoona kwa wingi mambo ambayo mlipuko mdogo haukuwa umeyafichua: uvimbe wa ubongo, Guillain-Barré, na macho yaliyofifia. Ugonjwa ulipofika India, madaktari wa macho wa huko waliandika juu ya wagonjwa waliopoteza uoni wiki kadhaa baada ya homa, kama mumeo. Matatizo haya ni machache ukiyalinganisha na idadi ya walioambukizwa; kule Réunion uvimbe wa ubongo ulihesabiwa kuwa wagonjwa 8.6 katika kila watu 100,000. Lakini mbu anapozunguka mji mzima, hao wachache wanakuwa watu wenye majina, na mmoja wao yuko nyumbani kwako.

Kwinini msimpe. Malaria imepimwa mara mbili haikuonekana, na kama wasiwasi ungalipo, hospitalini watapima tena kwa dakika chache. Kwinini ikizidi kiasi inaweza yenyewe kupofusha macho yote mawili na kuacha masikio yakivuma, na mumeo hana jicho la kubahatisha. Ningemwomba jirani, kwa heshima, auweke wema wake katika nauli ya hospitali.

Matone hayo yaacheni, lakini msiitupe chupa, ichukueni. Matone mengi yanayouzwa kwa sifa ya kufaa kila jicho yana steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, na hiyo ikitumiwa bila uchunguzi inaweza kupandisha presha ya jicho, kuleta mtoto wa jicho, na kuliharibu kabisa jicho lenye kidonda cha virusi vingine. Juu ya hayo yote, matone hayo hayawezi kuufikia mshipa ulio nyuma ya jicho kwa kiasi cha kuutibu. Mkanganyiko mmoja nauondoa hapa, kwa sababu mtasikia hospitalini neno hilohilo: steroidi za kuingizwa mshipani kwa muda wa siku chache ni tiba inayotumiwa kwa uvimbe wa mshipa wa jicho, na madaktari wengi waliowatibu wagonjwa wa chikungunya waliona uoni ukirudi kwao. Ila kabla ya kuzitoa, daktari atataka kuhakikisha kwamba chanzo si kaswende, kifua kikuu au maradhi mengine ambayo steroidi huyachochea, kwa hiyo watamtoa damu ya vipimo kadhaa, pamoja na kipimo cha kuangalia kama mwili umetengeneza kinga dhidi ya chikungunya. Msione kipimo cha kaswende wala cha Virusi vya Ukimwi kuwa ni kumtuhumu mtu. Huenda wakataka pia maji ya uti wa mgongo, jambo linaloogopwa sana mitaani kwetu. Sindano hiyo huingizwa chini ya mahali unapoishia uti, na haimlemazi mtu.

Kwa Guillain-Barré, kinyume chake, steroidi peke yake hazisaidii. Tiba yake ni dawa ya imunoglobulini, yaani kinga iliyotolewa katika damu ya watu wengine, inayopitishwa mshipani kwa siku kadhaa, au kusafishwa kwa majimaji ya damu, na zote mbili hufaa zaidi zikianza mapema. Ni ghali, sitakuficha, kwa hiyo ulizeni habari ya bima ya afya siku ya kwanza na familia ianze kuchanga bila kungoja bili. Wagonjwa wengi wa Guillain-Barré hutembea tena, ingawa huenda ikachukua miezi.

Kuhusu kuona: wengi hupata nafuu kubwa katika wiki na miezi inayofuata, hasa wanaotibiwa upesi, lakini si wote, na hata aliyepona husoma herufi zote huku rangi zikibaki hafifu kidogo. Siwezi kukuahidi kwamba atahesabu vitobo vya kofia kama zamani. Jicho lake la kulia, kwa maelezo yako, ni zima, na mafundi wenye jicho moja zuri wapo na wanafanya kazi. Oda ya harusi apewe fundi mwenzake sasa, ili mawazo ya deni yasimtoe kitandani kabla ya wakati wake.

Mama mkwe simlaumu. Mwanawe alikuwa mzima, akapata riziki, na ghafla jicho likafifia. Moyo wa mama lazima utafute sababu. Mwambie dua asome, na ayasome pale kando ya kitanda cha hospitali, kwa sababu hakuna dua inayozuiwa na dripu. Ninachokikataa ni kumpeleka kwa mtu atakayemfukiza na kumtia vitu machoni huku siku za matibabu zikipita. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyetiwa maji ya majani jichoni kwa wiki mbili, na kioo cha mbele cha jicho lake kilikuwa kimekwishapata kovu jeupe kama ganda la yai, wakati ugonjwa wake halisi ulikuwa nyuma kabisa, mahali ambapo maji yale yasingeweza kufika.

Juu yako wewe na watoto, mumeo hawaambukizi kwa kugusana, kula wala kulala pamoja, na katika wiki hii ya nne hata mbu akimuuma hatapata virusi kwake. Anayenitia wasiwasi ni mbu aliyemuuma yeye, au ndugu zake, kwani mbu huyu wa mwili mweusi na mabaka meupe miguuni huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, naye huzaliana ndani ya nyumba zetu. Mji wa Kale maji ya bomba hayaji kila siku, kwa hiyo kila nyumba ina mapipa, madumu na mitungi, na mbu huyo hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Kumwaga maji hakutoshi, kwa sababu mayai yaliyoganda hustahimili ukavu kwa miezi na huangua maji yakirudi. Sugua kuta za pipa kwa brashi kila wiki, ulifunike, na uangalie sahani za chini ya vyungu vya maua na vifuu vilivyotupwa uani.

Wewe una sababu ya pekee ya kujihadhari. Mama akiwa na homa ya chikungunya siku zilezile anazojifungua, mtoto anaweza kuupata ugonjwa. Kule Réunion hilo lilitokea kwa karibu nusu ya watoto wa akina mama waliojifungua virusi vikiwa katika damu yao, na kuzaa kwa upasuaji hakukuonekana kuzuia. Mtoto huzaliwa mzima, kisha kati ya siku ya tatu na ya saba anapata homa, anakataa titi, na baadhi yao ubongo huvimba. Kwa hiyo lala chini ya chandarua hata mchana, vaa nguo za mikono mirefu, paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, ambayo kwa mjamzito inaruhusiwa ikitumiwa kama ilivyoandikwa, na ukipata homa yoyote kuanzia sasa mwambie mkunga kabla uchungu haujaanza. Ukijifungua, nyonyesha bila hofu.

Wasomaji wa bara wasidhani haya ni ya pwani peke yake. Kwa ndugu zetu wafugaji wa Garissa, Tana River na Ijara, ambao homa ya Bonde la Ufa, inayotoka kwa mifugo, iliwavamia baada ya mvua kubwa za 2006, jicho huugua kwa njia nyingine: virusi hivyo, vilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1931 katika Bonde la Ufa hapa Kenya, huishambulia retina yenyewe wiki moja hadi tatu baada ya homa, na doa likiangukia katikati ya retina, nusu ya wagonjwa hao hubaki na upungufu wa kudumu. Mfugaji aliyechinja mnyama mgonjwa au kumsaidia mbuzi kutoa mimba iliyoharibika, kisha akaona ukungu, amwambie daktari habari za mifugo kabla ya habari za jicho. Na homa ya dengue, ambayo wazee wa Unguja waliijua kwa jina la kidingapopo, inaweza kuvujisha damu kwenye retina homa inapokaribia kushuka, wakati ambapo chembe za kugandisha damu zimepungua sana. Ndiyo sababu mtu mwenye homa isiyojulikana asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka dengue ithibitishwe kuwa haipo.

Kabla hamjaonana na daktari, andika katika karatasi moja tarehe ya homa kuanza, tarehe ya homa kwisha, siku jicho lilipofifia, siku ganzi ilipoanza na imefika wapi leo, na dawa zote alizotumia, yakiwemo matone. Karatasi hiyo ishike wewe, kwa sababu yeye akichoka atasema tu kwamba macho hayaoni vizuri. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, kila asubuhi afunike jicho moja baada ya jingine na autazame uzi uleule mwekundu katika mwanga uleule wa dirishani, na wewe uandike kama rangi imeongezeka, imebaki au imepungua, na siku itakapopungua msisubiri tarehe ya kliniki.